Msiba wa Kwenye Televisheni

Wasanii walifika kwetu Bigwa, pembeni ya mji wa Morogoro, wakati televisheni zilipoanza kuingia hata nyumba za udongo. Mtu anakosa bati lakini antena anayo. Viwanda vya mjini vilikuwa vimefungwa kimoja baada ya kingine, wanaume waliopunguzwa kazi wanashinda barazani na bao, na kila mwenye kitu cha kuuza anakiuza mbele ya mlango wake. Mjukuu wangu Mwanaheri aliuza vitumbua. Mama yake, binti yangu, alifariki akamwacha mdogo, nikamlea. Alipovunja ungo nikamweka ndani, nikamtoa mwali kwa ngoma kama inavyotakiwa, na mwaka huo alikuwa amechumbiwa na Halidi wa Mikese, kijana wa dukani, mtu wa watu. Ndoa ilingoja mfungo uliokuwa mbele upite.

Hao wasanii walitoka Dar es Salaam. Walikodi nyumba ya jirani yangu Maimuna ili wapige picha za mchezo wao wa polisi, ule wa inspekta anayesaka wauaji, ambao watu waliufuata kila wiki. Mkubwa wao aliitwa Thobias, kijana mpole, kila akipita ni "shikamoo bibi" hata kama tumeamkiana asubuhi. Walikuwa wamekuja na msichana wa kuigiza marehemu. Alipoambiwa atalala mezani afunikwe shuka jeupe mpaka usoni, akakataa. Alisema kwao hawafanyi mzaha na sanda. Akapanda basi akarudi zake.

Thobias akamwona Mwanaheri amekaa na karai lake.

"Dada, unaweza kulia?"

"Nilie nini?"

"Kulia tu. Uko kidato cha tatu, umepata mimba, umekwenda kwa daktari wa uchochoroni kuitoa, sasa unakufa."

"Mimi niliishia la saba, kaka. Na mimba sina."

"Ndiyo uigizaji wenyewe, dada."

Siku hiyo mjomba wake Salimu, mwanangu, alikuwepo, ameshuka kutoka Mkuyuni na mikungu ya ndizi. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto. Salimu akasema mchezo ni mchezo, acha acheze. Basi akacheza. Alilia mpaka Maimuna, aliyekuwa dirishani akijua fika kwamba ni uongo, akajifuta machozi. Walipomaliza Thobias akamwuliza jina.

"Mwanaheri."

"Jina zuri. Tutaliacha hivyo hivyo na kwenye mchezo."

Wakampa doti ya khanga na soda, wakaenda zao.

Ulipoonyeshwa tulijaa kwa Maimuna, wengine wakachungulia dirishani. Inspekta anafunua shuka, na pale chini yake ni mjukuu wangu, macho yamefumbwa, pamba puani. "Jina la marehemu?" "Mwanaheri." Mwenyewe alikuwa ameketi ubavuni kwangu, anacheka ndani ya khanga, huku kucha zake zimenishika mkono mpaka zinaniuma. Inspekta akaenda kwa baba wa marehemu, aliyeapa kumfukuza nyumbani. Akaenda kwa mwalimu mkuu, kwa kijana aliyeikana mimba, kwa daktari wa uchochoroni. Kila mmoja akasema si mimi. Mwisho akamtia pingu daktari, mchezo ukaisha, na chumba kikaanza kuwaka.

"Muuaji kakamatwa mmoja," akasema mwalimu Fransisko, mzee wa kanisa, "lakini waliouawa wawili. Na yule wa tumboni ni mtu."

Doreen, nesi, alikuwa amekaa sakafuni na sare yake. "Mwalimu, njoo wodini kwetu uone wanavyoletwa. Wanaletwa wamechelewa kwa sababu wanawaogopa watu kama wewe."

"Kwa hiyo waruhusiwe kuua?"

"Nimesema waruhusiwe? Nimesema wanakufa."

"Mtoto ni riziki," akasema Maimuna. "Azae, alete, tutalea."

"Shule wamemfukuza, kijana kakimbia, baba kafunga mlango. Hiyo riziki utaipika kwa maji gani, mama?" Doreen akamwuliza.

"Nyie mnabishana na marehemu yupo hapa," mwalimu akasema. "Tumwulize."

Watu wote wakamgeukia Mwanaheri.

"Mimi nilikuwa nimelala tu, mwalimu. Meza ilikuwa ya baridi."

Chumba kizima kikacheka, tukaenda kulala.

Haikupita wiki, mshenga akaja kutoka Mikese. Alikaa ukingoni mwa mkeka, kahawa hakuigusa.

"Huko kwetu wameona," akamwambia Salimu.

"Wameona mchezo."

"Wameona sura, wamesikia jina, wameona na sanda. Mama yake Halidi anasema mwali aliyekwishalazwa maiti utampakaje hina? Na wako wanaouliza, wasichana wote wa Morogoro, kwa nini wamchague huyu?"

"Kwa hiyo mnavunja?"

"Hatuvunji. Tunatazama."

Mwanaheri alikuwa nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo akawa anaishi ndani ya neno hilo. Alitaka jambo moja tu, jina lake litulie mpaka hao wa Mikese watazame, wachoke, waseme haya. Akapunguza kwenda sokoni, akawa hajibu wanaomwita marehemu kwa kicheko. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, subiri. Maneno ni vumbi la lori, hutua." Akasubiri.

Kisha akaja Pazi.

Pazi ni mtani wetu. Lukolo lake na letu, yaani ukoo kwa ukoo, wametaniana tangu mababu. Tukifiwa wao ndio wanaochimba, wao ndio wanaotudhihaki tukilia, na wakichukua kuku wetu hatuna la kusema. Anachosema mtani msibani hakishikwi, wala hakuna kesi. Na Pazi alikuwa bingwa. Maziko ya mume wangu alilala mwenyewe kaburini akasema ni fupi, mzee atakunja magoti, na mimi mjane nikacheka katikati ya machozi. Milima yote inamjua. Akitokea tu, watu wameshaanza kutabasamu.

Mchana ule alikuja kutoka Mkuyuni na jembe begani na kitambaa cheupe mkononi, analia tangu barabarani.

"Uwii! Mwanaheri wetu! Tumekuona kwenye televisheni umelala! Mbona hamkutuita tukachimba? Mnazikwa na wasanii siku hizi?"

"Pazi, ondoka hapa," Mwanaheri akasema. Mafuta yalikuwa motoni.

"Heee! Maiti anakaanga vitumbua! Jamani njooni, kafufuka na karai lake!"

Akachukua kitumbua akala. Akajilaza vumbini, akapima kwa mkono. "Ataenea. Ila kiuno tukipunguze kidogo."

Watu wakajaa. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wanatoka shule, nao wakasimama na sweta zao viunoni. Pazi akiona watu ndipo anapopanda.

"Nyie wanafunzi, msidanganyike na inspekta! Yule daktari wa televisheni ni kanjanja. Dawa anayo huyu! Kainywa, kafa Jumatano, Alhamisi yuko sokoni! Mwenye shida aje kwa Mwanaheri, dawa yake haina hata chafya!"

Tulicheka wote. Mwanaheri mwenyewe alicheka, akamtupia kitumbua cha moto, Pazi akakidaka akaondoka akikililia kama mtoto wa marehemu. Tuliozaliwa hapa tulijua tulichosikia. Lakini shule ile ilikuwa ya watoto wa kila mkoa, wa maofisa na wa wahadhiri, na mtoto asiyeijua lugha ya Pazi ni nani angemfundisha pale barabarani?

Walianza kuja. Mwanamke mmoja kwanza, akanunua vitumbua vingi kisha akabaki amesimama. Mwanaheri alipoelewa anachotaka, akamfukuza. Akaja mwingine, akamfukuza. Halafu alasiri moja akaja Yustina.

"Shikamoo bibi. Dada Mwanaheri yupo?"

Binti mwembamba, sare safi, viatu vimepakwa rangi. Nikamkaribisha mkekani. Alikuwa mtoto wa Magdalena, mjane wa Bukoba anayefanya kazi katika ofisi ya serikali mjini. Akawa anakunja na kukunjua ncha ya sweta, akasema ana mimba, anataka ile dawa.

"Mdogo wangu," Mwanaheri akamwambia, "ule ulikuwa mchezo. Mimi sijawahi kubeba mimba wala kuitoa."

"Yule mzee alisema."

"Yule ni mtani wetu."

"Si ndiyo? Mtani ndiye anayejua siri zenu."

"Mtani anasema uongo. Ndiyo kazi yake."

"Unaninyima kwa sababu sina hela."

"Sikunyimi! Dawa sina. Ningekuwa nayo sijui ningefanya nini, Mungu ndiye ajuaye, lakini sina. Mwambie mama yako."

Yustina akatikisa kichwa. "Tangu baba afe mama ana neno moja. Anasema viwanda vyote vimefungwa, amebaki na mimi, mimi ndiye kiwanda chake. Nikamwambie nini? Shule wakijua tu wananitoa."

"Kitanda hakizai haramu. Utazaa, tutaona."

"Dada, wewe ukiwa mimi ungezaa?"

 Mwanaheri akainuka akampakulia wali na mchicha, akakaa naye mpaka akala, kisha akamsindikiza hadi barabarani amemshika mkono. Majirani waliwaona. Aliporudi alikuwa na machozi.

"Bibi, niende kwa mama yake?"

Nilimwacha ajijibu mwenyewe, maana nilimwona ameshaanza.

"Nikionekana kwenye kota za serikali, nabisha mlango, nasema binti yako ana mimba, na mimi ndiye yule wa kwenye televisheni? Kesho Mikese wanasikia." Akajifuta. "Wakishasema neno lao nitakwenda. Siku hiyo hiyo nitakwenda."

Mikese hawakusema neno. Yustina hakungoja. Alikokwenda hatujui mpaka leo, ila kuna mahali alikwenda. Mama yake alimkuta kitandani amebadilika rangi, akamkimbiza hospitali, na pale kwenye benchi akawa anamwuliza, nani mwanangu, nani amekufanyia hivi? Yustina akasema, "Nilikwenda kwa Mwanaheri." Labda alitaka kuendelea. Labda alitaka kusema nilikwenda kwa Mwanaheri akanikatalia, nikaenda kwa fulani. Pumzi haikufika huko.

Askari walikuja mchana, watatu. Mkubwa wao aliitwa Afande Eric, si mtu wa huku.

"Wewe ndiye Mwanaheri wa kwenye televisheni?"

"Ni mimi, afande."

"Nilikuona. Ulilia vizuri."

Wakapekua. Juu ya dari ya jikoni wakakuta mizizi yangu ya chango, ninayochemshia wanawake tumbo likiwasokota tangu nikiwa kijana. Nikawaambia ni yangu. Wakasema ni sawa bibi, wakaitia kwenye mfuko. Majirani wakaulizwa kama walimwona marehemu hapa, wakasema ndiyo, na walimwona Mwanaheri kamshika mkono. Hawakusema uongo hata mmoja. Mwanaheri akasema yote kama yalivyokuwa: alikuja, akaomba, nikamkatalia, nikampa wali.

"Kwa nini aje kwako na si kwingine?"

"Kwa sababu ya Pazi."

"Pazi ni nani?"

Salimu akapanda Mkuyuni akamleta. Sijawahi kumwona Pazi vile. Alikuwa amevaa shati la Ijumaa, miguu imejaa vumbi. Kituoni watu walikuwa kwenye benchi wakingoja shida zao, na askari wawili wa huku huku milimani walikuwa kaunta. Alipoingia tu, mmoja akamwambia mwenziwe, "Kaja huyo!"

"Afande," Pazi akaanza, "mwenye kosa ni mimi. Mtoto hana dawa, hajawahi kuwa nayo. Mimi ndiye niliyesema mdomoni mwangu."

"Leo unamzika nani, mzee?" akauliza askari, na benchi likacheka.

"Sitanii, baba. Naapa."

"Haapi huyu! Msiba wa mjomba wangu aliapa hivi hivi, akaondoka na mbuzi!"

Pazi akaanza kulia. Machozi ya kweli yalimtoka, kamasi zikamfika mdomoni, akapiga magoti pale sakafuni. Na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kucheka. Mama mmoja aliyekuja kuripoti kuibiwa alijishika mbavu: "Mtazameni anavyojua! Huyu ndiye angechukuliwa na wale wasanii!" Pazi akageuka kuwatazama, mdomo wazi. Mabenchi kama yale alikuwa ameyachekesha maisha yake yote.

Afande Eric hakucheka. Alimwinua akamkalisha.

"Mzee, hata kwetu utani upo. Nieleze. Ulisimama barabarani, ukawaambia wanafunzi mwenye mimba aje kwa Mwanaheri, dawa anayo. Ndivyo?"

"Ndivyo, lakini..."

"Na Mwanaheri alikuwepo, anasikia."

"Alikuwepo."

"Akafanya nini?"

Pazi akamtazama Salimu. "Alicheka."

Afande akaandika. Salimu aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua tumejichimbia kaburi. Tulimleta shahidi wa kumtoa, naye akaonekana mpiga debe wake.

Mshenga alirudi mara moja tu. Hakukaa. "Wameshatazama," akasema, akaturudishia mlangoni mkoba wa vitu tulivyowapa siku ya posa.

Mwanaheri akawekwa mahabusu. Nilikuwa napeleka chakula, nakaa ukutani na wanawake wengine mpaka tuitwe. Mwanzo alikuwa ananiuliza habari, Mikese wanasemaje, Maimuna hajambo, karai langu amechukua nani. Mkoba sikumwambia, lakini nadhani aliuona usoni kwangu, maana Mikese hakuiuliza tena. Kisha akawa haulizi kitu chochote.

"Subiri, mke mwenzangu," nikamwambia siku moja. "Haki huchelewa."

"Bibi, kila siku wananiuliza lile lile. Nikisema sikumpa, wananiuliza ulimpa nini. Kuna askari wa kike humu, mtu mzuri, amenishauri nikikubali hakimu atanihurumia, kesi itaisha. Nikikataa itakwenda, itarudi, na kila ikirudi watu watakuja kunitazama."

"Ukikubali umelikubali jina hilo."

"Lipo lingine?"

Nikamsogezea bakuli la chakula.

Siku ya kesi Magdalena alinikuta uani mwa mahakama. Nguo nyeusi zilimning'inia kama si zake. Nilidhani atanitemea mate.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Mwambie mjukuu wako aseme alimpa nini, au alimpeleka kwa nani. Akifungwa mimi sipati kitu. Nataka kujua mtoto wangu aliingia nyumba gani. Huyo mtu bado yuko huko anafanya."

"Hajui. Alikuja kwetu akala wali akaondoka. Alikuogopa wewe, alisema wewe umebaki naye tu."

Uso ukamvunjika. "Alisema hivyo?"

"Alisema ndiye kiwanda chako."

Akashika ukuta. Tukaitwa ndani.

Shtaka likasomwa, kwamba alimpatia binti dawa ya kuharibu mimba. Hakimu akamwuliza kama ni kweli au si kweli. Mwanaheri alikuwa amesimama kizimbani amejitanda ile khanga ya wasanii, maana ndiyo pekee iliyokuwa mpya. Hakuniangalia.

"Ni kweli."

"Si kweli!" Pazi alisimama nyuma kabisa, sauti imempasuka. "Mheshimiwa, huyo anasema uongo! Niulizeni mimi! Mimi ndiye niliyemuua yule mtoto!"

Kicheko kilianzia kwenye benchi la watu wa Matombo, wa milimani wanaomjua, kikaenea. Hakimu akagonga meza, akataka mtu huyo atolewe, na askari waliomtoa walikuwa wameinamisha nyuso ili wasionekane meno. Magdalena peke yake alibaki anamtazama mzee yule mpaka mlango ukafungwa. Nilimwona anafikiri. Kisha akageuka mbele kama wengine. Hakimu akatoa hukumu, akaitaja miaka, akasema iwe fundisho kwa wanaofanya biashara hiyo.

Nilirudi Bigwa na bakuli la wali ambalo hawakuniruhusu kumpa. Salimu alibaki mjini kuulizia rufaa. Jioni, kabla ya magharibi, nikasikia hodi. Alikuwa binti amejifunika khanga mbili, nikaona macho tu.

"Shikamoo bibi. Mwanaheri yupo?"

"Hayupo."

"Lakini dawa ameacha?"

"Mjukuu wangu, hakuna dawa. Haijawahi kuwepo. Ulikuwa utani."

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mzee.

"Bibi, si amekiri mwenyewe leo mahakamani?"

Nikamwambia aingie, akae, ale kwanza, wali upo. Nilimshika mkono. Akauchomoa taratibu, kwa heshima, akaondoka kuelekea mjini.